Naomba ushauri: vipengele vipya vimewafukuza wanachama wa zamani wa jukwaa letu la korosho

Mwana_Mikindani
Habari za jioni ndugu zangu. Mimi na wenzangu wawili tunaendesha jukwaa la mtandaoni ambalo wakulima wa Newala, Tandahimba, Masasi na Nachingwea wamelitumia kwa miaka tisa kupeana habari za salfa ya kupulizia mikorosho, ugonjwa wa ubwiriunga, minada na malipo. Muda wote huo lilikuwa na ukurasa mmoja tu, ujumbe wa karibuni ukiwa juu, na aliyechelewa anashuka mpaka akute alipoishia jana. Mwezi uliopita tulihamia toleo jipya la programu, lenye mada zilizotengwa, kura za maoni, uwezo wa kuhariri ujumbe na alama za sifa kwa wanaojibu sana. Tuliwasha vyote usiku mmoja, tukaweka tangazo la mistari mitatu, tukaenda kulala.

Kilichofuata kinaniuma mpaka leo. Toleo jipya linatanguliza ujumbe uliopendwa na wengi, siyo uliotumwa karibuni. Mzee mmoja wa Kitangari, ambaye mjukuu wake humsomea kila jioni barazani, alisomewa bei ya mnada wa wiki iliyotangulia akidhani ni ya siku ile, akapatana na fundi aje kumwezekea bati kwa hesabu ya fedha ambazo hazikuwapo. Tangu hapo wengi wa wanachama wa mwanzo wamenyamaza. Je, turudishe toleo la zamani, au tuvumilie mpaka watu wazoee?

Bibi_wa_Nyangao
Pole sana, mwanangu. Usirudishe yote, rudisha mpangilio, na ufanye hivyo leo hii. Kura ya maoni haimsumbui mtu, kwa sababu asiyeitaka anaipita. Lakini mpangilio wa ujumbe ndio njia ambayo mtu ameipita miaka tisa bila kuangalia chini, nanyi mmeihamisha usiku, tena katikati ya minada, wakati ambapo kila mtu anafungua simu kutafuta kitu kimoja tu.

Fundi_Lindi
Naungana na Bibi. Mimi natengeneza programu, na yaliyokupata yamewapata wakubwa. Julai 2013 Wikipedia ya Kiingereza iliwawekea watu kihariri kipya, kilichokusudiwa kumrahisishia mgeni asiyejua alama za uandishi wa kurasa zake. Nia ilikuwa njema, lakini kilikuwa kizito na kiliharibu baadhi ya kurasa, na wahariri wazoefu, ambao ndio waliobeba kazi yote, walilalamika sana. Septemba mwaka uleule kikabaki kwa anayekichagua mwenyewe. Hakikutupwa: kiliendelea kurekebishwa, na leo kinatumika sana. Digg, tovuti ya kupeana habari, haikupata nafasi hiyo, maana ilipobadilisha kila kitu kwa mkupuo mwaka 2010, watumiaji wake wengi walihamia kwa mshindani wake, Reddit.

Kwa hiyo weka kwenye mipangilio kitufe cha kuchagua mwonekano wa zamani, kisha kila kipengele kipya kianze na watu ishirini kwa wiki mbili. Tafuta wanaolalamika kuliko wote, kwa sababu hao ndio wanaoona kinachokatika.

Kijana_Tandahimba
Kwa heshima zote, wakubwa zangu, mada zilizotengwa tuliziomba sisi. Mwezi wa saba mtu anauliza kuhusu kupulizia salfa, swali linafunikwa na salamu na picha za harusi, na anapojibiwa maua yameshaungua. Naomba hilo lisife kwa sababu ya kosa la mpangilio.

Alama za sifa, hata hivyo, ziondoeni kabisa. Zinampa cheo mwenye bando, ilhali mwenye mikorosho mia tatu anaingia mara moja kwa wiki. Na kuhariri kuwekewe mipaka, kwa kuwa mtu akiweza kubadilisha bei aliyoiandika asubuhi, hatutaaminiana tena. WhatsApp inaruhusu dakika 15 tu, na ujumbe unabaki na maandishi kwamba umehaririwa. Nanyi fanyeni vivyo hivyo.

Mwana_Mikindani
Nawashukuru sana. Mpangilio wa zamani umerudi tangu saa mbili usiku huu, alama zimeondolewa, na kuhariri kumewekewa dakika 15. Mada zilizotengwa zitasubiri minada iishe, ili zifike kabla ya msimu wa salfa, na safari hii tutatangaza pia kwa ujumbe wa sauti, kwa sababu nimetambua kwamba wengi wetu hawasomi, wanasomewa.

Jumamosi nakwenda Kitangari kumwomba radhi mzee na kuzungumza na fundi wake wa bati. Nimempigia mjukuu, akaniambia kwamba kwenye kioo cha simu yao iliyopasuka tarehe ya ujumbe haionekani kabisa, imeandikwa kwa herufi ndogo za kijivu pembeni. Hilo sisi watatu hatukuwahi kuliona. Amekubali kuwa wa kwanza kati ya wale ishirini.