Mrejesho: maziwa kukatika kwenye chai ya tangawizi

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini maziwa yanakatika kila nikitia tangawizi mbichi, na kwa nini mchaichai wangu hautoi harufu.

Aliyesema nisimlaumu muuza maziwa alikuwa sahihi. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na kuchemka hukiua nguvu. Sasa naitwanga, naichemsha kwenye maji matupu kama dakika 10 pamoja na iliki na kijiti cha mdalasini, ndipo namimina maziwa. Hayakatiki tena. Karafuu naweka 2 tu kwa sufuria. Mama mkwe wangu, mtu wa Pemba, anaona huo ni ubahili, lakini zikizidi ulimi unakufa ganzi.

Mchaichai dawa yake ilikuwa kuponda shina la chini, ile sehemu nyeupe, badala ya kutumbukiza majani mazima. Nyumba nzima inanukia. Huu nakunywa mtupu, bila majani ya chai, na kwa kuwa hauna kafeini hata saa nne usiku naupiga.

Choya (rozela) nayo nimejaribu: naimwagia maji ya moto, nafunika, nachuja. Nyekundu hasa, na uchachu wa ukwaju. Ila msiitie maziwa, uchachu huo nao unayakata. Yule aliyedai inaponya kisukari, hapo mimi nimepita, nakunywa kwa utamu tu.

Mwenye kipimo kizuri cha pilipili manga kwenye chai ya rangi atupie.