Naomba ushauri: alama za wanafunzi zinafutana kwenye programu ya simu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nipo Wete, Pemba, namalizia mradi wa mwaka wa mwisho chuoni: programu ya simu ya walimu wa skuli kuingizia alama za wanafunzi. Nimetumia Flutter (zana ya kutengenezea programu za simu), data zinakaa Firestore (hifadhidata ya mtandaoni ya Google).

Mwalimu akiwa hana mtandao, alama zinabaki kwenye simu, ukirudi zinapanda zenyewe. Hapo raha tupu. Lakini juzi, kwa mwanafunzi mmoja, mwalimu wa Hesabu aliweka 67. Simu ya mwalimu wa Kiswahili ikapata mtandao baadaye, ile 67 ikapotea. Nahisi kosa ni langu: masomo yote ya mwanafunzi nimeyaweka kwenye dokumenti moja (yaani rekodi moja ndani ya Firestore), na kila mtu akihifadhi inaandikwa upya nzima. Nimejaribu kulinganisha saa ya kuhifadhi, ila saa za simu zenyewe hazilingani.

Je, kila somo nilipe dokumenti yake, au inatosha kusasisha sehemu iliyobadilika tu? Na walimu wawili wa somo moja wakigongana, mnaamuaje ipi ibaki? Wiki ijayo namuonesha msimamizi, na sitaki alama ya mtoto wa mtu ipotee tena.

Ahsanteni sana.