Tupeane uzoefu: mama anapanda meli ya kitalii baharini, wana Kigoma mlioonja maji mtusaidie

Binti wa Kibirizi

Habari zenu wana Kigoma. Kaka yangu anayefanya kazi Durban amemwalika mama kwenye safari ya meli ya kitalii ya siku nne, mwezi wa Januari. Meli inatoka Durban, inakwenda pwani ya Msumbiji, inarudi. Mimi naenda kumsindikiza.

Mama ana miaka 67. Ametulea kwa dagaa wa Kibirizi, na miaka ya nyuma alikuwa akipanda Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, kwenda Kirando kufuata mzigo, kwa hiyo maji si mageni kwake. Ila bahari anaijua kwa kivuko cha Kigamboni tu, na tangu kaka alete habari hii halali vizuri. Jana usiku kaniuliza: "Huko kukichafuka, wanakimbilia wapi?" Sikuwa na jibu.

Naomba waliosafiri waseme waliyoyaona kwa macho yao. Nini mlibeba, nini mlijuta kutokibeba, nini mlikosea. Hata wa ziwani mnakaribishwa, maana mama anaelewa haraka akilinganishiwa na ziwa.

Mzee wa Staha

Mwanangu, swali la mama yako ni la mtu anayeyajua maji. Mpelekee salamu zangu.

Nimefanya kazi meli za ziwa hili miaka 22, na baada ya kustaafu mwanangu alinipeleka baharini mara moja, kwa hiyo nimeyaona yote mawili. Wimbi la Tanganyika ni fupi na limebanana. Upepo wa kusini ukivuma Juni hadi Agosti, linapiga ubavu, halijaisha lingine limefika. Wimbi la bahari kuu ni refu. Meli inapanda taratibu kama mtu anayepumua usingizini, halafu inashuka. Tumbo linahitaji muda kulizoea, lakini halikupigi ghafla.

Halafu mwambie ukubwa. Liemba ina urefu wa mita 71 na kitu, na ilikuwa inabeba watu 600. Meli nyingi za kitalii za siku hizi zinapita mita 250. Na chini ya maji, ubavuni, zina mapezi mawili yanayotoka na kujikunja kama ya samaki, kazi yake kupunguza kuyumba.

Sasa jibu la swali lake. Kukichafuka, meli kubwa haikimbilii nchi kavu. Inakimbia nchi kavu. Maji yenye kina ndiyo salama yake, kwa sababu hatari ya meli ni mwamba na ufukwe. Nahodha anabadili njia au anasubiri. Januari ni majira ya vimbunga kwenye mlango wa bahari wa Msumbiji, kwa hiyo msishangae mkiambiwa leo hatushuki au tumegeuza njia. Tena hapo nje ya Durban unapita mkondo wa Agulhas unaoteremka kusini-magharibi. Upepo ukivuma kinyume na mkondo huo, mawimbi yanasimama. Usiku wa kwanza ndio wa kujiandaa.

Chumba chukueni katikati ya meli, sakafu ya chini. Meli inacheza kama bembea ya ubao: wanaokaa ncha ndio wanaorushwa. Watu wanalipa zaidi wapate chumba cha juu mbele chenye dirisha, halafu wanakitapikia.

Binti wa Kibirizi

Shikamoo mzee. Nimemsomea mama, akaniambia nirudie hapo kwenye "inakimbia nchi kavu". Kaka alikuwa ameshashika chumba cha mbele chenye dirisha! Nampigia leo leo.

Mha wa Kasulu

Karatasi kwanza, dada. Mtanzania haombi viza Afrika Kusini kwa matembezi mafupi, na Msumbiji vilevile, lakini meli nyingi zinataka paspoti iwe na angalau miezi 6 mbele yake baada ya safari kuisha. Jina kwenye tiketi ya meli lilingane na la paspoti herufi kwa herufi. Wazee wetu wengi wana jina moja kwenye cheti, lingine kwenye kitambulisho. Liangalieni sasa, msisubiri Desemba.

Na fikeni Durban siku moja kabla, ikiwezekana mbili. Ndege ya Kigoma ikiahirishwa, meli haitakusubiri hata nusu saa.

Nesi wa Mwandiga

Mimi sijapanda meli ya bahari, nachangia kama nesi.

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kusafiri ili kadi ikubalike, na tangu 2016 kadi hiyo ni ya maisha yote, hakuna kurudia kila miaka kumi. Lakini mama ana miaka 67. Kama hajawahi kuchanjwa kabisa, asiende tu kupanga foleni. Kwa waliovuka 60, chanjo ya kwanza ina hatari kubwa kidogo ya madhara kuliko kwa kijana, kwa hiyo aonane na daktari wapime pamoja kama anaihitaji. Hili watu wengi hawaambiwi.

Vidonge vya kuzuia kichefuchefu cha safari vinafanya kazi vikimezwa kabla ya kuumwa. Ukishaanza kutapika umechelewa. Ila vingi vinaleta usingizi, na kwa mzee vinaweza kumchanganya akili au kumwangusha akiamka usiku kwenda chooni. Vijaribuni hapa nyumbani kwanza, siku ambayo haendi popote, na mfamasia aambiwe dawa nyingine zote anazotumia. Tangawizi inasaidia. Asikae njaa, wala asile mafuta mengi. Akianza kuhisi vibaya atoke nje, aangalie pale maji yanapokutana na mbingu, na simu aiweke chini.

Kama anatumia dawa za presha, abebe za siku zaidi ya zile za safari, kwenye mkoba wa mkononi.

Kijana wa Gungu

Nesi umegusa jambo lililonifanya niandike. Nimefanya usafi wa vyumba kwenye meli za kitalii za Karibiani, mikataba miwili. Sitataja kampuni.

Siku ya kupanda, mabegi makubwa mnayaacha bandarini, yanapita ukaguzi, halafu yanaletwa mlangoni kwa chumba. Inaweza kuwa saa kumi jioni, inaweza kuwa saa tatu usiku. Wiki yangu ya pili kazini nilimkuta mzee mmoja amekaa ukingoni mwa kitanda, mdomo umemkauka, amechoka hoi. Sindano zake za kisukari zilikuwa kwenye begi kubwa. Nilikimbia sakafu sita chini kwenda kwenye mabegi, nikayapekua kwa kusoma vibandiko, mamia ya mabegi meusi yanayofanana. Daktari wa meli alimhudumia, akapona, lakini nilimwona mkewe akilia kwenye korido. Kwa hiyo mkoba wa mkononi: dawa, paspoti, miwani, kadi ya chanjo, nguo moja ya kubadili, kanga. Na begi kubwa lifungwe kitambaa chenye rangi kali. Kipande cha kitenge kinatosha.

Bima ya safari nunueni. Zahanati ya meli inalipiwa, na bei yake si ya kituo cha afya.

Kuhusu pesa: ndani ya meli hamtashika noti. Mnapewa kadi moja inayofungua mlango na kununulia vitu, na mwisho inakuja hesabu. Chakula cha kwenye ukumbi mkubwa kimo ndani ya nauli, na kwa kawaida maji na chai pia. Soda, bia, kahawa nzuri, picha za wapiga picha wao, vyote vinahesabiwa. Bakshishi ya wahudumu mara nyingi inaongezwa kila siku kwa kila kichwa, muulizeni kaka kama ameilipa tayari. Angalieni hesabu kila jioni, msingoje asubuhi ya kushuka ambapo foleni inazunguka ukumbi.

Simu: kabla nchi kavu haijapotea machoni, iwekeni katika hali ya ndegeni. Baharini inashika mtandao wa meli wenyewe, na dakika chache za kumpigia shangazi zinaweza kula fedha za mwezi.

Kabla ya kuondoka kuna zoezi la dharura, ni lazima. Honi inalia mara saba fupi na moja ndefu. Msikae chumbani mkadhani ni ya wengine. Mama aende kwa miguu yake mpaka mahali pa kukusanyika, ajue ngazi ni ipi, aone jaketi okozi linavyofungwa. Nimeona wazee wakitulia kabisa baada ya zoezi hilo, kwa sababu sasa wanajua.

Mikono ioshwe kwa sabuni kila kabla ya kula. Ugonjwa wa tumbo ukiingia kwenye meli unatembea haraka.

Na najua kina mama wa kwetu: mawese na migebuka mikavu muache nyumbani. Vyakula vya namna hiyo vinazuiwa mipakani na kwenye ukaguzi wa meli, mtaumia roho kuona vinatupwa.

Usiku wa mwisho mabegi yanatolewa nje ya mlango. Bakizeni nguo za asubuhi na viatu.

Mama Ujiji

Assalaam alaykum. Binti yangu aliye Ujerumani alitulipia mimi na baba yake, tukapandia Ugiriki. Meli nzuri, bahari imetulia, Alhamdulillah.

Chakula halali mwambieni kaka aulize wakati wa kulipia, si mkishafika. Sisi tuliahidiwa na aliyetuuzia tiketi kwamba kipo, tukafika hakuna aliyeandikiwa. Jioni ya kwanza mume wangu akamwomba msimamizi wa ukumbi wa chakula wazungumze pembeni. Tangu siku hiyo tulikuwa tunaletewa samaki na mboga zilizopikwa peke yake, na yule kijana alikuwa anakuja mwenyewe kutuonyesha. Kuswali tulikuwa tunapunguza kama wasafiri, na kila swala tunatafuta kibla upya, maana meli inageuka.

Kosa letu lilikuwa la saa. Tulishuka Italia tukatembea wenyewe mjini. Simu ilijirudisha yenyewe saa moja nyuma kufuata nchi ile, meli ikabaki na saa zake za Ugiriki. Ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ya ratiba tuliyowekewa chumbani, tukaiacha kitandani bila kuisoma. Tumekaa tunakula barafu ya limau, tukijua tuna saa nzima. Mume wangu ndiye aliyeona watu wote wenye kadi shingoni wamekwisha mtaani. Tulikimbia, mimi na goti langu hili. Tulipokanyaga ngazi, wale wa nyuma yetu walikuwa wameanza kulegeza kamba. Vaeni saa ya mkono, muiweke saa ya meli, msiiguse mpaka mwisho. Na ile karatasi ya ratiba isomeni kila usiku.

Mkishuka na matembezi yaliyopangwa na meli, wanawasubiri. Mkishuka wenyewe, ni juu yenu.

Mha wa Kasulu

Mama Ujiji, pole sana na goti.

Binti wa Kibirizi

Wana Kigoma, tumerudi wiki iliyopita. Nilitaka kuandika mapema lakini nyumba imejaa wageni wanaokuja kumsikiliza mama.

Chumba tulibadilisha: cha ndani, katikati, hakina dirisha, na kaka alirudishiwa tofauti. Usiku wa kwanza upepo ulikuwepo kweli. Mimi nilitapika mara mbili. Mama alikuwa amekula ndizi na tangawizi, akalala chali, akawa ananiambia, "Hesabu na wimbi, usishindane nalo." Saa kumi na moja alfajiri nikaamka kitanda chake kitupu. Nilimkuta staha ya juu, kajitanda kanga, anaangalia maji. Akaniuliza mbona hakuna karabai hata moja. Alikuwa anatafuta taa za wavuvi, kama mtu aliyekaa Kibirizi usiku usio na mbalamwezi.

Siku ya pili tulifika Portuguese Island, kisiwa cha Msumbiji. Hapo hakuna gati, meli inatia nanga mbali na mnashushwa kwa boti ndogo. Bahari haikuwa mbaya, ila ile boti ilikuwa inapanda na kushuka ubavuni, labda nusu mita. Foleni ikasimama. Mama mmoja mtu mzima mbele yetu alikataa kabisa, akawa anatetemeka. Mama yangu akapenya, akakaza kanga kiunoni, akavua viatu, akavishika mkono mmoja. Mhudumu akanyoosha mkono, mama akamwashiria angoje. Boti ikashuka, hakusogea. Ikapanda, akakanyaga kama anavuka mlango wa nyumba yake. Kisha akageuka, akamnyooshea mkono yule mama aliyekataa. Hawakuwa na lugha moja. Boti ilipopanda akamwambia "Sasa!" na yule mama akaja.

Ufukweni nilimuuliza amejifunzia wapi. Akasema Kirando, miaka ile, usiku, mitumbwi ikija ubavuni mwa Liemba na mtoto mgongoni. "Usikanyage ikiwa inashuka. Ngoja ikufuate."

Mtoto huyo wa mgongoni alikuwa kaka.

Mzee wa Staha, anakuuliza kama ni wewe uliyekuwa unashika kamba pale mlango wa ubavuni.

Mzee wa Staha

Tulikuwa wawili tunapokezana. Mwenzangu ametangulia mbele za haki. Muulize mama kama aliyemshika mkono alikuwa anatumia wa kushoto. Kama ndiyo, ni mimi.