Bampa la nyuma limechubuka kona: nipige rangi mwenyewe au nimwachie fundi?

Nguzo_ya_Geti ameuliza:

Wakuu, salaam. Juzi nikirudi kinyumenyume nimelikwangua bampa la nyuma kwenye nguzo ya geti. Geti langu mwenyewe, nguzo ninayoiona kila siku, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Kona ya kushoto imepata mkwaruzo wa urefu kama wa kiganja na vidole vyake. Mwanzoni ni michirizi tu, katikati rangi imetoka hadi naiona plastiki nyeusi, na mwishoni pana kishimo cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Bampa halijapasuka wala kulegea. Gari ni la silva, ile yenye chengachenga zinazometa.

Nimepita kwa mafundi wawili. Wa kwanza alitazama dakika moja akataja bei. Wa pili akainama, akapapasa kwa mkono, akafungua buti akachungulia kwa ndani, kisha akataja bei mara tatu ya mwenzake. Nimepiga hesabu: kwa hela ya huyu wa pili nanunua msasa, puti ya kuziba mashimo, praima ya kutangulia rangi, makopo mawili ya rangi ya kupuliza na klia (ile ya uwazi inayopigwa juu ya rangi), na chenji inabaki. Mageti na madirisha ya nyumbani nimepiga rangi mwenyewe na hakuna aliyenicheka. Ila gari sijawahi kuligusa.

Aliyewahi kufanya mwenyewe, ikakubali au ikamkatalia, anisimulie. Na bei zinapishanaje hivyo kwa bampa lilelile?

Kinyumenyume amejibu:

Geti ni chuma ndugu yangu, bampa ni plastiki. Nami niliteleza hapohapo.

Bampa la gari langu la zamani nililipiga msasa nusu siku, nikapuliza praima ya kawaida ya chuma iliyobaki dukani kwangu, nikaweka rangi, nikamalizia na klia. Liling'aa hadi nikawa napita nalo taratibu makusudi. Mwezi wa pili nikaenda kuliosha kwa maji ya presha, kipande cha kama kiganja kikainuka. Nikakishika kwa vidole nikavuta, ikatoka yote kama stika: klia, rangi, praima, vimeshikana vyenyewe kwa vyenyewe ila bampa vimelikataa.

Ukichungulia bampa kwa ndani utakuta maandishi yaliyochapwa kwenye plastiki, mara nyingi PP na EPDM (hiyo ni aina ya mpira). PP ni polipropilini, plastiki ambayo hata mabeseni mengi hutengenezwa kwayo. Umewahi kuona rangi inakaa kwenye beseni? Uso wake haukubali kitu, ndiyo maana kuna praima maalumu ya plastiki. Inapulizwa nyembamba sana, haizibi mikwaruzo, kazi yake ni kushikisha tu. Kila mahali plastiki ilipobaki wazi lazima ipite hiyo kwanza.

Nilirudia upya nikaitumia. Mwaka wa tatu huu haijabanduka. Lakini sikufichi, rangi haikufanana na buti. Jua likiwa ubavuni, bampa linaonekana la gari la jirani.

Fundi_Msasa amejibu:

Mkuu, mimi ni fundi rangi, kwa hiyo nisome ukijua kwamba nakula kwa kazi hii.

Nianze na bei. Yule wa dakika moja atapiga bampa likiwa hapohapo kwenye gari. Atabandika magazeti, atasugua pale palipochubuka, atapuliza kona, utaondoka jioni. Yule aliyechungulia ndani ya buti alikuwa anatafuta boliti na klipu, maana anataka kulitoa. Bampa likiwa chini, msasa unafika kwenye kingo na mikunjo, na vumbi la rangi haliendi kwenye taa. Rangi yenyewe inayoingia kwenye bampa ni kidogo mno. Unacholipia ni saa za kusugua, na uwezo wa kuipata ile silva.

Na silva ndiyo inayonifanya nikwambie usijaribu. Ungekuwa na nyeusi ya kawaida ningekuacha ukajifunze. Zile chengachenga ni vipande vidogo vya alumini, na jinsi zinavyolala ndivyo jicho linavyoiona rangi. Ukipuliza karibu, ikawa mbichi sana, zinazama na rangi inakuwa nzito. Ukipuliza kwa mbali ikafika kavu, zinabaki juu na rangi inakuwa nyeupenyeupe. Rangi ileile, kopo lilelile, mkono uleule. Sisi tunapiga kwanza kwenye kipande cha majaribio, tunakipeleka juani, tunakiweka ubavuni mwa gari, tunakitazama kwa mbele na kwa pembeni. Mara nyingine vipande vitatu ndiyo tunakubali.

Usiamini namba ya rangi peke yake. Ipo kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva au chini ya boneti, na ni lazima uanze nayo. Ila namba moja inaweza kuwa na vivuli kadhaa, halafu gari lako limekaa juani miaka. Kopo limechanganywa kufuata rangi ya kiwandani, siyo rangi ya gari lako leo.

Jingine ambalo watu wa makopo hawalijui: rangi unaweza kuififisha ikaishia katikati ya bampa, lakini klia ipige bampa zima hadi kwenye kingo. Ukiishia nayo katikati, mstari wake utauona, na baada ya muda ndipo itakapoanza kuinuka.

Halafu klia yenyewe. Ile ya kopo la kawaida inakauka kwa thina kuruka tu. Petroli ikidondokea inalainika. Ile ya kuchanganya na hadina, yaani kigumishi, inakuwa ngumu kweli, ila hadina ina kemikali iitwayo isosaianeti. Barakoa ya vumbi haiizuii kabisa, na inaweza kukuachia pumu. Kuna makopo ya kupuliza yenye hadina ndani, unabonyeza chini ichanganyike. Watu wanayanunua wanapuliza gereji imefungwa, watoto wapo mlango wa pili. Kwenye hili sitanii.

Kama una sensa za kuegeshea, usizirundikie rangi tabaka juu ya tabaka, zitaanza kulia hovyo au kunyamaza. Na magari mengine yana rada nyuma ya bampa. Hapo puti haitakiwi.

Mpita_Njia amejibu:

Kabla ya yote pitisha ukucha. Mchirizi usionasa ukucha haujapita klia, huo ni wa kompaundi (dawa ya kusugulia na kung'arisha rangi) na kitambaa tu. Pengine nusu ya unachokiona ni rangi ya geti iliyoganda juu. Hicho kishimo mwagia maji ya moto kisha sukuma kwa ndani, plastiki huwa inakumbuka umbo lake. Ukimaliza hayo ndiyo utajua una mkwaruzo wa ukubwa gani.

Dada_wa_Spana amejibu:

Fundi amesema kweli tupu ila anatisha watu. Bampa la mbele la kigari changu nimelipiga mwenyewe, nyeupe ya kawaida isiyo na chenga, na watu wanakaa mbele yangu bila kujua.

Ila msidhani ni kazi ya mchana mmoja. Ilinichukua siku tatu, na kupuliza hakukufika hata saa moja na nusu. Kwanza niliosha kwa sabuni ya vyombo, nikafuta kwa kiondoa mafuta, halafu ndipo msasa. Watu wanaanza na msasa, wanayasugulia mafuta yaingie ndani. Puti niliweka ile laini ya plastiki, siyo ya bodi, maana bampa linapinda na puti ngumu inapasuka. Nikaisawazisha kwa namba 320, kisha 400. Praima ikikauka nikaipitia kwa msasa wa maji namba 800. Makopo niliyatumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kupuliza (uvuguvugu, siyo ya kuchemka, kopo lile linaweza kulipuka), rangi ikatoka kama moshi badala ya matone. Shubiri moja hivi kutoka kwenye bampa, unaanza kubonyeza ukiwa nje ya ukingo na unaachia ukishavuka ukingo wa pili. Nilisubiri kama dakika kumi na tano kati ya tabaka na tabaka. Tabaka la kwanza lionekane baya. Ukitaka lifunike yote mara moja, yatatiririka machozi.

Nilikosea mara moja. Ndugu yangu alikuwa anapuliza ile dawa ya kung'arisha dashibodi hatua kumi kutoka nilipokuwa. Ina silikoni. Rangi ilipotua ikajikusanya ikaacha vitundu vya mviringo kila mahali, kama imeona kitu cha kuogopa. Nikafuta yote nikaanza upya kwenye praima.

Fundi_Msasa amejibu:

Dada, kazi uliyoieleza ningekuajiri. Na nyeupe ya kawaida nakukubalia. Ingekuwa nyeupe ya lulu, yenye tabaka la kati linalobadilisha rangi kila unapoongeza pasi moja, stori yako ingekuwa nyingine. Mwenye swali ana silva.

Nguzo_ya_Geti amejibu:

Nimerudi wakuu, wiki tatu baadaye.

Nilianza kwa ukucha na kompaundi. Theluthi nzima ya mkwaruzo ilifutika, kumbe ilikuwa rangi ya geti kweli. Maji ya moto yalikitoa kishimo karibu chote, kikabaki kikovu cha kupapasa tu. Hapo nikapata kiburi nikanunua kopo la silva kwa namba ya gari. Ila nilimsikiliza fundi, nikajaribu kwanza kwenye chupa ya plastiki ya maji. Nilipuliza upande mmoja kwa karibu, upande mwingine kwa mbali, nikaenda kuiegemeza kwenye bampa saa nne asubuhi. Zilikuwa silva mbili, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kwangu. Kopo lipo stoo.

Nikaamua kugawana kazi: bampa nitoe na nisugue mwenyewe, kupuliza nimwachie yule wa bei kubwa. Kulitoa kulinichukua saa mbili na klipu mbili zilizovunjika. Waya wa sensa nilikumbuka kuchomoa baada ya kuuvuta kidogo, bahati haukukatika. Nikasugua jioni mbili. Fundi aliponiambia nije pia na kifuniko cha tundu la mafuta nilidhani amekosea, kumbe anakitumia kupata rangi, kwa kuwa kimekaa juani sawasawa na gari.

Nilipomkabidhi bampa alilipapasa, akalimwagia maji, akaniuliza nilitumia msasa namba ngapi. Nikamwambia. Akachukua wake akasugua upya lote mbele yangu. Akasema hatoi dhamana kwa msasa wa mtu mwingine. Sikukasirika sana, ila jioni zangu mbili zilikwenda hivyo. Alinipunguzia hela ya kulitoa na kulirudisha tu, kama robo ya bei.

Rangi imekaa. Nimelitazama asubuhi, mchana na chini ya taa usiku, nikamleta na mke wangu alitafute lilipokuwa kovu bila kumwambia upande, akanionyesha kona ya kulia.

Sensa zinalia vizuri. Ila nimerudisha bampa, nimefunga kila kitu, na nina klipu moja mkononi sijui ilitoka wapi. Ni nyeusi, kichwa cha mviringo, mguu mfupi wenye meno. Kuna anayejua?

Dada_wa_Spana amejibu:

Angalia ndani ya tao la tairi la nyuma, chini, pale kifunika matope kinapokutana na bampa. Kama pana tundu tupu, ni ya hapo.

Nguzo_ya_Geti amejibu:

Lipo. Asante dada.