Naomba ushauri: kumwogesha mzee bila kumuumiza

Ndugu wanachama, ninahudumu katika makao ya wazee hapa Nairobi, na namtunza shosho mwenye baridi yabisi ambaye, kwa kuwa amepoteza kumbukumbu, hawezi kusema anaumwa, bali hukunja uso na kunisukuma nimwogeshapo. Wenzangu humwita mkaidi. Mimi naona ni maumivu. Muuguzi ameanza kumpa parasetamoli dakika 30 kabla ya kuoga, nami humvua nguo nikianzia mkono mzima na kumvika nikianzia unaouma, na imesaidia kiasi. Kinachonishinda ni asubuhi, viungo vikiwa vimekaza, kwani ratiba inataka wote waoge kabla ya staftahi. Je, mliwashawishije wasimamizi wenu wakubali mzee apanguswe kwanza kwa maji ya uvuguvugu, kisha aoge mchana?