Mwalimu wa Kiingereza akipata kazi nje, aruhusiwe kwenda na kurudi kwenye ajira yake?

Mwalimu wa Ipagala

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi. Huu ni mwaka wangu wa nane nafundisha Kiingereza sekondari ya serikali hapa Dodoma. Mwezi uliopita nimepata nafasi kwenye shule ya mkoani huko Thailand kupitia wakala, baht 30,000 kwa mwezi. Tukiiweka baht moja kwa shilingi 75, hiyo ni 2,250,000. Nikaomba likizo bila malipo ya miaka mitatu. Jibu limekuja kwa mistari minne: kuna upungufu wa walimu, endelea na majukumu yako.

Kabla hamjaniambia niridhike, chukueni mshahara ghafi wa 900,000 muone unavyoyeyuka. PSSSF, mfuko wetu wa pensheni, 5% ni 45,000. Bima ya afya 3% ni 27,000. Chama cha walimu 2% ni 18,000. Kodi ya mapato 91,750. Bodi ya mikopo 15% ni 135,000, maana nilikula bumu, yaani mkopo wa serikali, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, na bumu halisahau mtu. Mkononi inafika 583,250. Ile nyongeza ya mshahara ya 35.1% iliyotangazwa Singida Mei Mosi 2025 ilikuwa ya kima cha chini, kutoka 370,000 hadi 500,000. Sisi tulio juu kidogo tulipata kiasi chetu, na mwenye nyumba naye akapata cha kwake. Tangu serikali ihamie huku, chumba na sebule Ipagala si kile cha zamani. Nalipa 120,000, na anataka miezi sita kwa mkupuo.

Pendekezo langu ni hili. Mwalimu aliyethibitishwa kazini, akipata mkataba halali nje, apewe miaka mitatu bila mshahara. Nafasi yake ishikiliwe na mhitimu kwa mkataba wa muda, na akirudi apokelewe palepale alipoishia. Anayepinga aseme kwa nini.

Mkuu wa Shule, Bahi

Napinga, na wala si kwa wivu. Kijana, kwangu mwalimu wa Kiingereza ni mmoja. Watoto wanaingia Kidato cha Kwanza wametoka miaka saba ya Kiswahili, tunawapa ile kozi ya wiki chache ya kuwazoesha lugha, kisha Fizikia, Kemia na Baiolojia zote zinageuka Kiingereza siku hiyohiyo. Mwalimu huyo akiondoka, hasara haiishii kwenye somo lake, inakwenda mpaka kwa mwalimu wa Jiografia anayeuliza swali na darasa zima linaangalia dirishani.

Halafu huyo mhitimu wa mkataba analipwa na nani? Mshahara wako ukisimama, fedha haziji kwenye akaunti ya shule yangu. Nina walimu wawili wa kujitolea wanaoishi kwa michango ya wazazi. Mwaka mpunga ukikauka hapa Bahi, michango nayo hukauka.

Mhitimu 2019

Mkuu, shikamoo. Mimi ni mmoja wa hao wa kujitolea, ingawa si kwako. Nina shahada ya ualimu, Kiingereza na Historia. Kila ajira zikitangazwa naomba, kila majina yakitoka sipo. Mwalimu wa Ipagala akienda Thailand mimi napata mkataba wa miaka mitatu, sasa upungufu umeongezeka wapi? Upungufu upo kwenye fungu la mishahara. Watu tupo tele, wengine tunauza vocha pale Sabasaba.

Wanaosema "waende nyie msio na ajira" nao wanisikilize. Nimejaribu. Shule nyingi za nje zinataka uzoefu wa miaka miwili unaothibitishwa na barua. Kujitolea kwangu hakuna barua ya mwajiri. Anayeweza kwenda ni aliyeajiriwa, na aliyeajiriwa anazuiwa kwenda.

Mhasibu wa Area D

Naomba niingie na kalamu, kwa sababu mjadala huu unatembea juu ya mshahara ghafi, na mshahara ghafi hauliwi.

Huku: mkononi 583,250. Toa pango 120,000, chakula 180,000, nauli 60,000, LUKU na maji na vocha 50,000, na (tukubaliane) mama kijijini 80,000. Zinabaki 93,250, kwa mwaka kama milioni 1.12. Ila kuna fedha zako usizoziona. PSSSF wewe unachangia 5% na mwajiri 15%, jumla 180,000 kwa mwezi, sawa na milioni 2.16 kwa mwaka. Deni la bodi linapungua milioni 1.62 kwa mwaka. Jumla unasogea mbele karibu milioni 4.9 kila mwaka, hata kama mfukoni huna nauli ya bodaboda.

Kule: tukadirie chumba baht 5,000, umeme na maji 1,500, chakula 6,500, pikipiki ya kukodi na mafuta 2,500, simu na dharura 500. Jumla 16,000. Unafurahi kwamba zinabaki 14,000. Soma mkataba wako vizuri. Mwaka wa shule wa Thailand unaanza katikati ya Mei na kuisha Machi, na mikataba mingi ya mawakala hulipa miezi 10 tu. Kula unakula 12. Basi mapato 300,000, matumizi 192,000, salio baht 108,000, ambayo ni milioni 8.1. Toa milioni 0.96 za mama. Toa tiketi ya kwenda na kurudi milioni 2.6, mtihani wa Kiingereza, kuhakiki vyeti, pasipoti na viza laki tisa, amana ya chumba na chakula cha mwezi wa kwanza milioni moja.

Mwaka wa kwanza unabaki na milioni 2.64. Umesafiri maelfu ya kilomita kwenda kupata pungufu ya Ipagala. Mwaka wa pili, bila gharama za kuanzia, milioni 7.14. Jumla ya miaka miwili ni 9.78 kule na 9.8 hapa. Sare. Faida inaanza mwaka wa tatu.

Mpita njia, Kisasa

Kaka huko Thailand ugali upo lakini? 😂

Nimerudi Muscat

Mhasibu, umemkata mara mbili. Chakula cha mwezi wa kwanza kiko tayari ndani ya 192,000, na amana ya chumba hurudishwa ukihama bila kuvunja kitu. Mpe milioni yake.

Mengine uko sawa, tena umepunguza makali. Mimi nilifundisha shule binafsi Muscat, Oman, miaka miwili, riali 350 kwa mwezi. Riali moja imefungwa kwenye dola kama 2.6, kwa hiyo ni kama dola 910, kodi ya mapato hakuna. Watu wakisikia hivyo wanaona nimeokota. Niliambiwa nyumba ipo. Kweli ilikuwepo, walimu watatu jiko moja, kilomita 20 kutoka shuleni, na gari la shule linaondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Pasipoti ilikaa kwenye droo ya ofisi. Nilipoumwa jino niligundua bima yangu haijui kwamba binadamu ana meno.

Ila nilijenga. Msingi na kuta pale Nzuguni ni za Muscat, hilo siwezi kulikana. Na nilifundisha darasa la watoto 22. Ishirini na mbili! Hapa nilikuwa na 80 na zaidi. Huko ndiko nilikojua kwamba mimi ni mwalimu mzuri, kwa sababu nilipata muda wa kusoma insha ya kila mtoto mpaka mwisho.

Lakini sikuomba ruhusa. Nilipofika hapa kazi haikuwepo tena, mtumishi akitoweka zaidi ya siku tano bila idhini anajiweka kwenye kosa la kufukuzwa. Sasa nafundisha shule binafsi kwa mshahara usiozidi ule nilioukimbia. Kama pendekezo la Mwalimu wa Ipagala lingekuwepo wakati ule, serikali ingekuwa na mwalimu aliyeongezeka thamani. Iliishia kumpoteza.

Mhasibu wa Area D

Nimekubali, milioni irudi kwake. Miaka miwili anazidi kwa kama milioni moja kasoro viza za kuhuisha. Bado ni kama elfu arobaini tu kwa mwezi, kwa kuishi mbali na watu wako na kula wali asubuhi.

Mwalimu Mstaafu, Kongwa

Hizo za PSSSF unazompigia hesabu kama mali, mwanangu, subiri ukutane na kikokotoo, ile kanuni ya kupigia hesabu mafao.

Mhasibu wa Area D

Mzee shikamoo. Nakubali uchungu wenu, ila pensheni ya kila mwezi inataka michango isiyopungua miezi 180. Yeye hajatimiza hata 96. Akisimama miaka mitatu leo, akaongeza mitatu kesho, anafika uzeeni anahesabu vidole.

Dada wa Makulu

Mnabishana kama vile mlango uko wazi na ni ruhusa tu inayokosekana. Mimi nimezunguka milango hiyo mpaka nikachoka.

Korea Kusini: viza yao ya walimu wa lugha, E-2, kwa Kiingereza kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi saba tu. Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Basi. Unaweza kuwa na shahada tatu, ukizaliwa Mpwapwa haikuhusu. Japani: wanataka uwe umesoma angalau miaka 12 kwa lugha unayokwenda kufundisha. Mimi nimesoma kwa Kiingereza sekondari miaka sita na chuo mitatu, jumla tisa. Miaka saba ya msingi, kwa Kiswahili kizuri kabisa, imenifungia mlango. Uingereza mwaka 2023 walifungua njia ya walimu wa nchi kadhaa zaidi kupata sifa ya kufundisha kule. Nigeria, Ghana, Zimbabwe na Afrika Kusini zimo. Sisi hatumo. Rwanda wao, baada ya kuhamia Kiingereza mwaka 2008, walipotaka walimu walielewana na serikali ya Zimbabwe, na walimu 154 wakafika Oktoba 2022.

Hapo penye Zimbabwe ndipo pangu. Wale hawakwenda mmoja mmoja kwa mawakala. Serikali mbili zilikaa, mkataba ukajulikana, mshahara ukajulikana. Thailand na kwingine unakokwenda peke yako, unapangwa bei kwa pasipoti. Mfilipino na Mkameruni wanafundisha darasa lilelile na Mwingereza, na analipwa zaidi aliyezaliwa London. Hizo baht 30,000, Mwalimu wa Ipagala, muulize wakala Mwingereza anapewa ngapi.

Kingine kinachonichekesha: shule za mchepuo wa Kiingereza za hapahapa Dodoma zilizoea kuajiri Wakenya na Waganda kwa sababu wazazi wanaamini Kiingereza chao. Sasa tutakwenda kuuza nje bidhaa ambayo mzazi wa mtaa wa Kisasa hainunui? Kiswahili chetu hakuna anayekitilia shaka. Kwa miaka mingi vijana wa Kitanzania walikuwa wakienda vyuo vya Marekani kufundisha Kiswahili chini ya Fulbright, mpango wa serikali ya Marekani, mwaka mmoja, posho ikijulikana, kisha wanarudi. Ningekuwa napigania ruhusa, ningeanzia kwenye njia ya namna hiyo.

Mhitimu 2019

Dada, nafasi hizo zilikuwa chache. Huwezi kuwaambia walimu wote wapite kwenye tundu la sindano. Na huyo mzazi wa Kisasa atabadilika siku atakapoona mwalimu amerudi kutoka nje na barua ya sifa.

Mkuu wa Shule, Bahi

Nimewasoma wote. Nalegeza kamba kidogo. Ikiandikwa kwamba mwalimu haondoki mpaka mbadala wake aripoti shuleni, na mbadala huyo alipwe kutoka kwenye mshahara uliosimamishwa, mimi nitasaini barua hiyo kwa wino mzito. Tena aondoke Desemba, si katikati ya muhula. Bila hayo, anayeenda analipwa baht na watoto wangu wanalipa wao.

Nimerudi Muscat

Desemba haitawezekana Mkuu, kule shule inafunguliwa Mei. Labda mbadala aingie Januari, wafundishe pamoja mpaka Aprili.

Mkuu wa Shule, Bahi

Walimu wawili wa Kiingereza kwa miezi minne? Hata huo muda tu nitaupokea.

Mwalimu wa Ipagala

Nimeshika kalamu usiku huu. Kwanza kwenye barua ya rufaa nimeongeza sharti la Mkuu, la mbadala kuripoti kabla sijaondoka, na nimeandika miaka mitatu kwa hesabu ya Mhasibu. Mwaka mmoja wangenipa leo ningekataa, sasa najua kwa nini. Pia nimeomba nieleweshwe kama naweza kujichangia PSSSF mwenyewe nikiwa nje.

Kwa wakala nimetuma maswali matano. Mkataba unalipa miezi 10 au 12? Tiketi nani anakata? Bima inatibu nini na haitibu nini? Pasipoti inakaa kwa nani? La tano ni la Dada wa Makulu, mwalimu wa Uingereza kwenye shule hiyohiyo analipwa baht ngapi. Manne ya mwanzo amejibu ndani ya saa moja: miezi 10, tiketi yangu, bima ya hospitali ya serikali, pasipoti naishika mwenyewe. La tano amelisoma, alama mbili za bluu zipo, siku ya tatu leo.

Na wewe wa Kisasa, nimeuliza. Ugali hakuna.