Maumivu chini ya kitovu kwa miaka sita, na altrasaundi inasema sina tatizo: naomba ushauri

Mwalimu wa Makambako
Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Makambako, nina miaka 27, nimeolewa na bado sijazaa. Tangu mwaka 2019 napata maumivu makali chini ya kitovu ambayo huanza siku mbili kabla ya hedhi, hushuka mgongoni na mapajani, na siku hizi hayaondoki hata damu ikikata. Katika siku hizo haja kubwa huniuma kiasi kwamba naogopa kula, na tendo la ndoa nimekuwa nikilikwepa kwa visingizio, ingawa mume wangu ni mwelewa.

Nimetibiwa UTI mara nyingi, nyingine bila hata mkojo kupimwa, na mara tatu nimepewa dawa za PID, yaani maambukizi ya via vya uzazi. Altrasaundi mbili hazikuonyesha kitu. Mama anasema ni chango, kwamba hata yeye alikuwa nalo likaisha alipozaa, na kila nikienda nyumbani Makete hunichemshia mizizi. Mwenzangu kazini amenitajia endometriosisi. Je, hupimwaje, na kwa huku kwetu nianzie wapi?

Nesi wa Uyole
Pole sana mdogo wangu. Katika endometriosisi, tishu inayofanana na utando wa ndani ya mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko huo, kwenye ovari, nyuma ya kizazi au hata kwenye utumbo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba huwapata takribani asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa. Altrasaundi huweza kuona uvimbe wa ovari uliojaa damu ya zamani, lakini madoa madogo yaliyotandaa ndani ya tumbo mara nyingi huyapita, kwa hiyo majibu yako hayajafuta chochote. Hilo la haja kubwa ndilo lililonishtua. Usilifiche kwa daktari kwa kuona aibu.

Omba rufaa ya kumwona daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, ama hospitali ya rufaa ya mkoa pale Njombe, ama Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ambayo huduma zake za wazazi ziko Meta. Uliza kwanza siku za kliniki, usije ukapanda basi bure. Zamani ilidhaniwa kwamba bila laparoskopi, yaani kuingiza kamera tumboni kupitia tundu dogo, hakuna jibu. Mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa mwaka 2022 unakubali tiba ianze kwa kufuata dalili.

Kaka wa Tukuyu
Dada, nina mzee mmoja anayemaliza chango kwa wiki moja. Niandikie pembeni.

Mama wa Igawilo
Kaka, hapo umekosea njia. Mwalimu, mimi nilizaa mwaka 2016 nikiambiwa kuzaa ndiyo dawa, maumivu yakatulia wakati wa ujauzito na kunyonyesha, kisha hedhi iliporudi yakarudi nayo. Kilichonisaidia ni daftari la shule la mwanangu: kwa miezi mitatu niliandika tarehe, siku ya hedhi, maumivu ni mangapi kati ya kumi, na dawa niliyomeza kama ilisaidia. Daktari ambaye awali aliniandikia panadoli bila kuinua macho alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akanipa rufaa siku hiyohiyo.

Nesi wa Uyole
Naunga mkono daftari. Ila usiingie ukisema "nina endometriosisi", kwa maana makovu ya PID, adenomiosisi (tishu ya utando huo kuota ndani ya misuli ya mfuko wa uzazi), hata kifua kikuu cha kizazi huleta maumivu ya aina hii. Eleza dalili, kisha uliza kama endometriosisi nayo imefikiriwa.

Mwalimu wa Makambako
Asanteni sana, daftari nimelianza leo. Swali moja: nasikia tiba ya kwanza huwa vidonge vya homoni, nasi tunatafuta mtoto. Havitanizuia?

Nesi wa Uyole
Vingi vitakuzuia kwa muda wote utakaovitumia. Kwa hiyo litamke hilo la mtoto mwanzoni kabisa, kabla daktari hajashika kalamu, na mume wako akiweza kuja, mje pamoja.